Meseji Mbele ya Hakimu



MJOMBA: Bahasha yote hiyo ya nini?

ZUHURA: Ile kesi ya mbao. Hamisi analikana deni, lakini meseji zake ninazo. Nimenunua programu mtandaoni, nikachomeka simu kwenye kompyuta, ikanitolea PDF hii: jina, tarehe, saa, kila neno. Wakili gani atabisha?

MJOMBA: Wa kwake. Hebu nione. Hapa juu pameandikwa “Hamisi Mbao”. Jina hilo kalitoa nani?

ZUHURA: Mimi, nilipoihifadhi namba.

MJOMBA: Basi ni neno lako, si lake. Hata namba ya shangazi yako ungeweza kuiita hivyo. Chapa upya, namba kamili ionekane. Laini husajiliwa kwa alama za vidole. Mahakama ikiitaka kampuni ya simu iseme namba ni ya nani, itasema. Hamisi alipolipa ile sehemu ya kwanza ya deni alilipaje?

ZUHURA: Kwa M-Pesa, namba hiyohiyo.

MJOMBA: Alaa! Na taarifa ya miamala umeiacha nyumbani? Hiyo imetunzwa na kampuni isiyo na ugomvi na yeyote kati yenu, katika kazi zake za kila siku. Sheria huiamini upesi kuliko faili ulilolitoa wewe mwenye kudai.

ZUHURA: Kwa hiyo programu hizi za kununua hazifai? Nitafute mitambo ya polisi?

MJOMBA: Sijasema hivyo. Wachunguzi wana vifaa vyao, kama vya Cellebrite, na meseji zikiwa zimefutwa vina kazi yake. Wewe zako zipo. Programu kama iMazing husoma meseji zilizomo kwenye iPhone au kwenye nakala yake rudufu, basi. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 hakiulizi umelipa shilingi ngapi. Kinatazama kama ujumbe ulitengenezwa, ukahifadhiwa na kutumwa kwa njia ya kuaminika, ukamilifu wake ulilindwaje, na mtumaji alitambuliwaje. Hayo hujibiwa na mtu. PDF haipandi kizimbani.

ZUHURA: Nikipanda niseme nini?

MJOMBA: Ulichofanya. Simu ya aina gani, programu gani na toleo lipi, siku gani, nani alikuwepo, faili lilikaa wapi mpaka likachapwa. Yaandike leo, wakili wako ayatie kwenye hati ya kiapo. Na faili lipigiwe hashi ya SHA-256: unapata herufi na tarakimu 64, ukibadilisha koma moja tu kwenye faili zinatoka nyingine kabisa. Ila hapo wengi hujidanganya. Hashi inaonyesha kuwa faili halijaguswa tangu siku ilipopigwa. Yaliyotokea kabla ya hapo haiyajui.

ZUHURA: Sasa tazama hapa. Meseji ya kuahidi kulipa iliingia saa mbili usiku, tumeshaswali isha. Karatasi inasema 17:00.

MJOMBA: Hiyo ni saa ya UTC, sisi tuko saa tatu mbele. Ndani ya simu hakuna “saa mbili usiku”. iPhone huhesabu muda kuanzia tarehe 1 Januari 2001, Android kuanzia 1970, na programu ndiyo inayogeuza hesabu kuwa tarehe. Rekebisha, na kwenye kiapo ueleze tofauti hiyo kabla wakili wake hajaichokoa.

ZUHURA: Kuna kurasa nimeziacha. Mahali fulani nilimtukana.

MJOMBA: Zirudishe, matusi na yote. Akija na mazungumzo kamili wakati wewe umeleta vipande, hakimu atashuku hata yaliyo kweli.

ZUHURA: Mwanangu anasema Hamisi huacha simu yake dukani, tungeweza kuichomeka nayo…

MJOMBA: Msithubutu! Sheria ya Makosa ya Mtandao, ya mwaka huohuo wa 2015, inaadhibu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa, na simu imo. Ushughulike na ya kwako. Iko wapi?

ZUHURA: Nimeiuza, mjomba. Kioo kilikuwa kimepasuka. Mnunuzi katanguliza nusu, kesho anaichukua.

MJOMBA: Haichukui. Wakisema umeghushi, hakimu atataka kusoma humohumo, kwenye kioo hicho kilichopasuka. Usifute kitu, na uangalie isiwe imewekwa kujifutia meseji za zamani. Ile nusu ya mnunuzi irudishe.

ZUHURA: Leo hii?

MJOMBA: Leo. Na kwa M-Pesa, ibaki rekodi.