Kilaveti cha volani kikivunjika: somo kwa wavuvi wenye motere ya zamani

Ninyi wavuvi wa Luapula na wa ziwa Mweru, mnajua ya kuwa samaki mbichi hangoji mtu. Toka Kasenga mpaka Lubumbashi, mji wa migodi ulioitwa Elisabethville mpaka mwaka 1966, njia ni zaidi ya kilometa 200. Motere ikifa katikati ya maji asubuhi, samaki wameoza kabla ya kupanda gari. Na upepo wa ziwa ukiamka, si samaki tu walio katika hatari. Basi sikilizeni habari ya kipande kidogo cha chuma, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kinachoweza kuifanya motere nzima kuwa mzigo.

Juu ya motere kuna gurudumu zito, ndilo tunalolizungusha kwa kamba. Mafundi wanaliita volani. Ndani yake mna sumaku, na sumaku hizo ndizo zinazoleta moto wa buji. Volani imekaa juu ya mhimili wa motere, na mahali inapokaa mhimili umechongwa mwembamba juu, mnene chini. Kati ya volani na mhimili kuna kipande chenye umbo la nusu mwezi, tumbo lake limelala katika mfereji wa mhimili. Hicho ndicho kilaveti. Msikichanganye na pini ya panga la chini linalosukuma maji. Pini ile inakatika ukigonga jiwe, na motere inaendelea kulia lakini mtumbwi hauendi.

Je, kazi ya kilaveti ni nini? Watu wengi wanafikiri ndicho kinachoishika volani isizunguke peke yake. Sivyo. Kinachoishika volani ni ule mnene wa mhimili, pamoja na nati iliyokazwa sana juu yake. Kilaveti kinaonyesha mahali tu, ili moto wa buji uje wakati ule pistoni iko karibu kufika juu. Nati ikilegea, volani inateleza, nacho kilaveti kinakatwa kama muwa. Kwa hiyo ukikuta kilaveti kimevunjika, ujue kosa liko mahali pengine, na sharti ulitafute.

Dalili zake ni hizi. Esansi inafika, buji inatoa moto, walakini motere haiwaki. Au inapiga chafya kwa karabureta. Au kamba inarudi kwa nguvu na kuumiza mkono. Ukiona hivyo, acha kuvuta.

Kwanza toa waya wa buji, motere isije ikawaka mikononi mwako. Fanya kazi nchi kavu, juu ya kitambaa safi. Ondoa kifuniko, shika ukingo wa volani kwa mkanda wa ngozi, ufungue nati. Katika motere nyingi inafunguka kwa kuzungusha kushoto, lakini ikikataa, tazama nyuzi zake kabla ya kuongeza nguvu. Usipenyeze bisibisi chini ya volani ili kuizuia, maana utavunja vitu vya moto vilivyo pale.

Sasa volani itakataa kutoka, maana imeshikana na mhimili. Kama ina matundu matatu yenye nyuzi kwa juu, tafuta kwa fundi chombo cha kuvutia kinachofungwa katika matundu hayo. Usivute kwa ukingo. Kama chombo hakipatikani, rudisha nati mpaka uso wake ulingane na kichwa cha mhimili. Mtu mmoja ainue motere kidogo kwa kuishika volani, na mwingine aweke kipande cha shaba nyekundu juu ya nati, apige pigo moja fupi. Shaba ni laini, haiharibu nyuzi, na katika nchi yetu ya shaba hakuna mtu atakayesema hakuipata. Usipige volani yenyewe hata kidogo: itapasuka, au sumaku zake zitapoteza nguvu.

Volani ikitoka, utakuta nusu ya kilaveti imebaki katika mfereji wa volani, na nusu katika mhimili. Ile ya volani inasukumwa kwa urefu wa mfereji. Ile ya mhimili ndiyo yenye taabu. Funika vitu vya moto kwa kitambaa, maana vumbi la chuma hushikwa na sumaku. Chukua kichuma chembamba chenye ncha butu, ukiweke juu ya mwisho mmoja wa kilaveti, ugonge polepole kwenda chini. Kwa kuwa tumbo lake ni la mviringo, mwisho huu utazama na ule wa pili utainuka. Ukamate kwa koleo, uvute. Kikigoma, tia matone ya mafuta ya taa, ukiache mpaka kesho, kisha ugonge tena. Moto usiulete hapa, kwa sababu ya esansi na ya waya. Kama hata hivyo hakitoki, mpelekee fundi wa garaji akitoboe; kazi ya kutoboa karibu na mhimili si ya kujifunzia.

Kabla ya kutia kipya, pangusa mhimili na tundu la volani mpaka vikauke kabisa. Usipake mafuta: pakiwa na mafuta, volani itateleza tena. Iweke volani bila kilaveti, uibonyeze, ujaribu kuitikisa. Ikicheza, chuma kimelika. Ikiwa kidogo tu, fundi anaweza kusugua kwa dawa ya valvu na kuosha kwa esansi. Lakini mfereji wa mhimili ukiwa umepanuka, usiujaze kwa bati wala kwa waya.

Kilaveti kipya kiwe cha motere ile ile. Wako watu wanaokata msumari, au kipande cha tupa kwa kuwa ni kigumu. Msumari hautulii mahali pake, na moto wa buji utakuja wakati mbaya. Nacho cha tupa hakikatiki upesi. Volani ikilegea, kitakachopasuka ni mfereji wa mhimili, na mhimili hauuzwi kwa bei ya kilaveti.

Kaza nati kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha motere, au umwombe fundi mwenye spana ya kupima. Kisha washa motere ndani ya pipa la maji, si ziwani. Baada ya siku ya kwanza ya kazi, ondoa kifuniko na uijaribu nati tena.