Kukagua Njia Kabla ya Msafara wa Baiskeli

Kikundi kinachokusudia kusafiri kwa baiskeli kutoka Mombo hadi Lushoto hakina budi kutanguliza watu wawili wa kuikagua njia, nao waipite kwa baiskeli. Barabara hiyo ya lami ina urefu wa kilometa 33 hivi, na hupanda takriban mita 1,000 kupitia Soni.

Kwanza, wapime muda. Kwa mwendo wa kilometa 8 kwa saa, safari ya kupanda huzidi saa 4, mbali na mapumziko. Ratiba ipangwe kwa kufuata mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote, ili kiza kisimkute njiani.

Pili, waandike hatari: kona zinazoficha magari yajayo, na miteremko inayoweza kuporomosha mawe na udongo, hususan masika, Machi hadi Mei.

Tatu, wabainishe penye maji, fundi baiskeli na zahanati, pamoja na mahali simu isipopata mtandao.

Nne, wafikirie kurudi. Mteremko mrefu hupasha breki moto hadi zikapungua nguvu. Vichaguliwe vituo vya kuzipoza, na kila mwendeshaji afunzwe kubana na kuachia breki zote mbili, badala ya kuzishikilia mfululizo.

Ukaguzi ufanyike wiki moja kabla ya safari, na wenyeji waulizwe, kwani mvua ya usiku mmoja hubadili njia. Matokeo yaandikwe katika karatasi moja, na kila msafiri apewe nakala.