Mifumo Endeshi Miwili Katika Kompyuta Moja

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku ile. Ila tundu lolote la usalama linalogunduliwa baada ya tarehe hiyo hubaki wazi, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza. Kuhamia Windows 11 si jambo la kila mtu, kwa kuwa mfumo huo hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mitambo mingi ya zamani haina.

Tuchukue mfano wa shule yenye kompyuta ya namna hiyo. Ndani yake mna matokeo ya mitihani ya miaka mingi, na programu ya kuhesabia ada ambayo hufanya kazi katika Windows peke yake. Mtambo ni mzima na fedha za kununua mwingine hazipo. Njia mojawapo ya kutoka hapo ni kuweka mfumo wa pili ubavuni mwa ule wa kwanza: Windows ibaki kwa kazi ya ada, bila kuunganishwa na intaneti, na kazi nyingine zote zifanywe katika Linux. Makala haya yaeleza jinsi jambo hilo linavyowezekana na mahali zilipo hatari zake.

Mfumo endeshi ni programu mama inayosimamia diski, kumbukumbu, kibodi na skrini, na kuzigawia programu nyingine nafasi ya kufanya kazi. Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, nchini Finland. Kwa kuwa leseni yake yaruhusu kunakili, mtu mmoja akikwisha kuipakua aweza kuwagawia wenzake kwa flashi pasipo kuvunja sheria. Nasi tunaojua bei ya vifurushi vya intaneti tutaona faida yake mara moja. Matoleo ni mengi. Kwa anayeanza, Linux Mint yafaa: huhitaji kumbukumbu ya gigabaiti 2 kwa uchache, ingawa 4 ni afadhali, na nafasi ya gigabaiti 20 katika diski.

Sasa, mifumo miwili hukaaje katika diski moja bila kukanyagana? Jibu li katika mgawanyo wa diski, na mgawanyo huo si jambo jipya. Ulikuja na DOS 2.0 mwaka 1983, wakati kompyuta ya IBM ilipopata diski ngumu. Kipande cha kwanza kabisa cha diski, chenye baiti 512, kiligawanywa hivi: baiti 446 za maelekezo ya kuwashia, baiti 64 za jedwali la sehemu, na baiti 2 za alama ya mwisho. Kila sehemu huandikwa kwa baiti 16. Ndiyo sababu jedwali lile haliwezi kubeba zaidi ya sehemu nne. Ona udogo wa mahali penyewe: mlango ni mmoja, na anayeandika mwisho humfuta aliyetangulia. Hapo ndipo ilipotoka kanuni ya kuweka Windows kwanza na Linux baadaye, kwani Windows ilipowekwa mwisho iliyafuta maelekezo ya Linux bila kuuliza.

Kompyuta za miaka ya karibuni hutumia utaratibu mwingine uitwao UEFI. Humo imetengwa sehemu ndogo ya diski ambamo kila mfumo una kabrasha lake, na mtambo wenyewe huweka orodha ya mifumo inayoweza kuwashwa. Ugomvi umepungua, lakini haukwisha. Mwezi Agosti 2024 marekebisho ya Windows yalizuia Linux kuwaka katika baadhi ya kompyuta zenye mifumo yote miwili.

Kabla ya kugusa chochote, nakili matokeo na hesabu zote katika diski ya nje, kisha zifungue katika kompyuta nyingine uone kama zafunguka. Nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu. Halafu chunguza kama diski imefungwa kwa BitLocker. Ikiwa ndivyo, tafuta namba yake ya kufungulia, yenye tarakimu 48, uiandike katika karatasi. Mabadiliko ya namna ya kuwasha yaweza kuifanya Windows iidai, na asiye nayo hataingia tena.

Jambo la tatu hupuuzwa sana. Tangu Windows 8, kompyuta ikizimwa kwa kawaida haizimiki kabisa, bali huandika hali ya kiini chake katika diski ili kesho iwake upesi. Endapo Linux itaandika katika sehemu hiyo wakati Windows imelala nusu, Windows itaamka na picha ya jana na faili zaweza kuharibika. Tiba ni amri moja, itolewayo katika Windows kwa mamlaka ya msimamizi: powercfg /h off.

Kupunguza sehemu ya Windows kufanywe na Windows yenyewe, kwa chombo chake cha kusimamia diski, maana yenyewe ndiyo ijuayo faili zake zilipo. Acha nafasi tupu ya gigabaiti 50 hivi, wala usiifanyie chochote. Kazi hii isifanywe umeme ukiwa wa mashaka: kompyuta ikizimika faili zikiwa njiani, ndipo nakala ile itakapohitajika.

Flashi ya gigabaiti 8 yatosha kubebea Linux Mint. Ukiwasha kompyuta kwa flashi hiyo, Linux hufanya kazi bila kuigusa diski. Basi itumie siku mbili tatu, ujaribu printa, sauti na intaneti. Ukiridhika, anza kuiweka. Maswali ya lugha na kibodi ni mepesi. Swali lenye uzito ni moja: programu huuliza kama uiweke kando ya Windows au ufute diski yote. Jibu hili la pili halina marejeo. Soma mara mbili, na ikiwa Windows haikutajwa katika skrini, simama hapo hapo, kwa maana mfumo wa kwanza haukutambuliwa.

Baada ya hapo kila uwashapo utaona orodha ya GRUB, uchague mfumo uutakao.

Kioja kimoja kitakachokukuta ni cha saa. Linux huiweka saa ya mtambo kwa majira ya ulimwengu, ilhali Windows huisoma kama saa ya mahali. Afrika Mashariki tumetangulia kwa saa 3. Hivyo saa moja asubuhi, wanafunzi wakiwa mstarini, Windows yaweza kudai kuwa ni saa kumi alfajiri. Saa haijaharibika. Fungua Linux, uandike amri timedatectl set-local-rtc 1, na mifumo yote miwili itasoma saa moja.