Kompyuta Inayokurudisha Mlangoni

Likizo iliyopita nilikuwa kwa mjomba, mwuza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Madeni ya wateja wake yote yamo katika kompyuta yake kuukuu ya Linux. Asubuhi moja aliandika neno la siri, kioo kikawa cheusi, kisha akarudishwa pale pale pa kuandika neno la siri. Fundi akashauri, "Tufute vyote, tuanze upya." Mjomba akanitazama.

Nikamwomba asubiri. Neno la siri likikosewa, kompyuta husema. Hii haikusema kitu. Basi kosa lilikuwa katika kuanzisha picha tu. Nilibonyeza Ctrl, Alt na F3 pamoja, nikapata kioo cha maandishi matupu, nikaingia kwa jina la mjomba. Kwanza niliandika df -h, maana diski iliyojaa huleta ugonjwa huo huo. Haikujaa. Kisha nikaandika ls -l .Xauthority. Faili hilo ni hati ya ruhusa ya kutumia kioo, nalo lilikuwa mali ya root, yaani mtumiaji mkuu.

Hapo nikaona haya: jana yake mimi mwenyewe niliandika sudo startx. Nikamwambia mjomba ukweli, nikaandika:

sudo chown $USER .Xauthority

Tulipowasha upya, aliingia. Madeni yote salama.

Ndugu wanafunzi, msitumie mamlaka ya mkuu kwa kazi ya kila siku. Na kabla ya kufuta, tafuteni kwanza kilichokataa.