Picha za Shambani: Panga kwa digiKam, Hariri kwa GIMP

Msimu ukishaanza, simu zetu zinajaa picha: viwavijeshi, majani ya njano, nyanya zilizotobolewa na kantangaze. Baada ya wiki mbili hujui tena picha ipi ni ya shamba lipi. Leo nawaonyesha ninavyofanya mimi, kwa programu mbili za bure zinazokaa kwenye kompyuta ya kawaida.

Kwa nini tujisumbue?

Picha ya zao ni ushahidi. Jani la chini la hindi likianza njano kwenye ncha na kuingia ndani kwa umbo la V, tunashuku upungufu wa naitrojeni. Likiungua kingoni, tunafikiria potasiamu. Likiwa na michirizi myembamba iliyopauka inayofuata mishipa, huenda ni ugonjwa wa milia, na huo hauponi hata umwage mbolea mifuko kumi. Sasa mtu akiikoleza picha ili ipendeze, njano inageuka kijani, mshauri anakosea, na hela ya mkulima inakwenda. Kwa hiyo picha halisi haiguswi. Tunahariri nakala tu.

Kila programu na kazi yake

digiKam ni ghala: inapanga, inaweka lebo, inatafuta. GIMP ni karakana: inakata, inaongeza mwanga, inachora mshale. digiKam nayo ina sehemu ya kuhariri, lakini kwa mishale na maandishi ya mabango mimi nimezoea GIMP.

Hatua kwa hatua

1. Hamisha picha kutoka kwenye simu kwa waya. Zikipitishwa WhatsApp kama picha za kawaida, zinabanwa na kupoteza taarifa za tarehe na mahali zilipopigwa.

2. Weka kila safari kwenye folda yake. Anza jina na mwaka, mwezi, siku, kisha kijiji na zao. Hapo folda zitajipanga zenyewe kwa tarehe.

3. Fungua digiKam uweke lebo: zao, tatizo, umri wa mmea. Zile picha kali zaidi zipe nyota. Kwenye mipangilio, hakikisha umeiruhusu iandike lebo ndani ya faili lenyewe. Usipofanya hivyo, lebo zinabaki kwenye hifadhidata ya digiKam tu, na ukimpa mwenzako picha, anaipokea bila lebo.

4. Ukitaka kuhariri, bofya picha kwa kitufe cha kulia, chagua Open With, kisha GIMP. Kata pembeni, rekebisha mwanga kidogo, basi. Kama ni kiwavijeshi vamizi, usikate kichwa wala mkia: alama ya Y iliyopinduliwa ipo kichwani, na madoa manne yaliyojipanga kama mraba yapo karibu na mkia. Hizo ndizo zinazotusaidia kumtambua.

5. Hapa wengi wanakwama. Ukibonyeza Save, GIMP inahifadhi faili la XCF, ambalo watu wengi hawawezi kulifungua kwenye simu. Nenda File, kisha Export As, uhifadhi kama JPEG kwenye folda ileile, kwa jina lenye nyongeza, mfano "_bango". Usiifunike picha halisi. Acha alama kwenye visanduku vya Exif na XMP ili taarifa zisipotee.

6. Rudi digiKam, onyesha upya folda, kisha iunganishe nakala na picha halisi ziwe kundi moja. Tangu hapo, kubadilisha jina au kuhamisha picha kufanyike ndani ya digiKam. Ukizihamisha kienyeji kwa njia nyingine, ghala linaweza kupoteza hesabu.

Ipi nitume wapi?

Kwa mtaalamu wa kutambua ugonjwa, tuma picha halisi, na kwenye WhatsApp itume kama dokumenti. Kwa bango au somo la kikundi, tuma iliyohaririwa. Kama picha inakwenda hadharani, futa kwanza taarifa za mahali kwenye hiyo nakala. Shamba ni la mtu, siyo kila mmoja ajue lilipo.

Mwisho, kila mwezi nakili folda zote pamoja na hifadhidata ya digiKam kwenye diski ya nje. Kompyuta ikiharibika katikati ya msimu, kumbukumbu za mashamba zisiende nayo.

Anza na picha 20 tu wiki hii. Ukiweza kumwonyesha mkulima shamba lake la wiki ya tatu na la wiki ya sita, moja pembeni ya lingine, hutahitaji maneno mengi kumweleza kama dawa imefanya kazi au la.

Kazi njema shambani!