KINGA YA PLATO MOJA: MENO MANGAPI?



Wengi wetu tunakuja masomo na kinga: wengine toka Kikula, wengine toka Panda, wengine toka hapa hapa Shituru karibu na kiwanda. Na kinga ile ile, masomo yakiisha, inabeba mfuko wa unga wa mama ao mfuko wa makala. Kwa hiyo somo hili si la michezo tu. Kinga ikimshinda mtoto kwenye mlima, nyumbani watakula usiku.

Zamani kinga ilikuwa ya namna moja: ndefu, nzito, plato moja mbele na pinyo moja nyuma, basi. (Plato ni duara la meno pale penye pedali, pinyo ni lile la nyuma, kwenye gurudumu.) Siku hizi tunaona zaidi zile za vitesi, zenye shoki mbele na nyuma ngumu, nyingi zimekwisha kutumika Ulaya kabla ya kufika kwetu. Hizi zinakuja na plato tatu. Baada ya miezi michache derayeri ya mbele inapinda, kamba yake inakatika, matope ya Januari yanajaza pale, na mwenye kinga anakwenda kwa fundi: toa mbili, acha moja. Ni jambo jema, sisi hatulipingi. Lakini ni plato gani ibaki? Hapo njo watu wanapotea. Utasikia kijana anaambiwa: «Acha ile mukubwa, utapita bote!» Na anaacha ile kubwa.

Sisi wa mwaka wa sita tunasema hapana. Plato inachaguliwa kwa kuangalia mlima ulio mbaya kuliko yote katika njia yako, na mzigo ukiwa nyuma. Haichaguliwi kwa kuangalia tambarare. Na tusiseme kwa mdomo tu, tuhesabu, maana hesabu yenyewe ni ya darasa la chini: kugawanya na kuzidisha.

Hesabu meno ya plato, yagawanye kwa meno ya pinyo. Utajua gurudumu linazunguka mara ngapi pedali ikizunguka mara moja. Kisha zidisha kwa urefu wa mzunguko wa gurudumu. Ule urefu usiutafute katika kitabu: piga alama ya chaki juu ya mpira na chini, sukuma kinga mpaka alama irudi chini, pima. Gurudumu la inchi 26 lenye mpira wa kawaida linatoa karibu mita 2.07. Tutatumia hiyo.

Sasa tuchukue kinga ambayo tunaiona mara nyingi: plato za meno 42, 34 na 24, nyuma pinyo saba za meno 14, 16, 18, 20, 22, 24 na 28. Muuzaji anasema ina vitesi 21. Angalia vizuri. 24 kwa 14 ni 1.71. 34 kwa 20 ni 1.70. 42 kwa 24 ni 1.75. Ni vitesi tatu kwenye karatasi, lakini miguu haiwezi kuzitofautisha! Na zinazofanana hivyo ziko zingine, tafuteni wenyewe. Njo maana anayetoa plato mbili hapotezi vitesi 14. Anapoteza tu zile za mwisho, huku na huku: ile nyepesi kabisa na ile ngumu kabisa. Swali linabaki hili: utapenda kupoteza ya upande gani?

Ukiacha 42, vitesi yako nyepesi itakuwa 42 kwa 28, ni kusema 1.5, ni kusema mita 3.1 kila pedali ikizunguka. Mtu mwenye mzigo kwenye mlima mkali anakwenda kilometa 6 kwa saa, hazidi sana. Kilometa 6 kwa saa ni mita 100 kwa dakika. Gawanya: pedali zitazunguka mara 32 tu kwa dakika. Ni kama kupanda ngazi ukiruka vidaraja viwili viwili, na mfuko mgongoni. Magoti yanalia, mtu anashuka, anasukuma.

Sasa badili. Weka plato ya 32, na nyuma ile seti ya pinyo saba inayokwenda kutoka 14 mpaka 34. 32 kwa 34 ni 0.94, ni kusema mita 1.95. Kwa mwendo ule ule wa kilometa 6, pedali zinazunguka mara 51. Mlima haukupungua, mfuko haukupungua, lakini kila hatua ya mguu ni nyepesi kwa zaidi ya theluthi moja. Na tambarare je? 32 kwa 14 inatoa mita 4.73. Ukizungusha mara 80 kwa dakika, unakwenda karibu kilometa 23 kwa saa. Kwa njia zetu, pamoja na mashimo yake na vumbi la Julai, nani anahitaji zaidi? Na katika mteremko usikanyage, acha iteremke yenyewe, mkono ukae kwenye freni.

Kuna jambo lingine ambalo hesabu hailionyeshi. Njia ya lami inayokwenda Kolwezi inapitisha malori ya madini mchana na usiku. Mtu anayekanyaga vitesi ngumu polepole hawezi kwenda sawa: anayumba kushoto, anayumba kuume, maana kila pedali inamvuta upande wake. Na lori likimsukuma atoke kwenye lami mpaka mchangani, hawezi kuanza tena bila kushuka. Yule mwenye vitesi nyepesi anashika mstari wake. Wazazi wanaosoma karatasi hii nyumbani, tunaomba jambo hili mlifikirie kabla ya kutazama rangi ya kinga.

Msidhani tena kwamba plato moja ni kitu cha maskini. Katika 2012 kampuni ya Marekani, SRAM, ilitoa seti ya kinga za mlima yenye plato moja mbele na pinyo 11 nyuma, kutoka meno 10 mpaka 42. Katika 2016 iliongeza pinyo ya 12, kubwa ya meno 50. Leo washindani wakubwa wa kinga za mlima karibu wote wanapanda na plato moja. Na hata wao, wenye miguu ile, wengi wanaweka plato ya 32, ya 34, ya 36, si ya 42. Wale pinyo zao hatuwezi kuzipachika kwenye gurudumu letu la zamani, kwa sababu kwetu seti ya pinyo inafungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, na kwao inaingia namna ingine. Lakini wazo lao tunaweza kulichukua bure.

Sasa kazi yenyewe. Ukitoa plato kubwa na ndogo, ile ya kati irudi pale pale pake, katikati, ili mnyororo usilale sana upande mmoja. Bolti za zamani zitakuwa ndefu, hazitakaza. Omba fupi, ao weka washa. Mnyororo nao ukatwe: uzungushe kwenye plato na pinyo kubwa kabisa bila kuupitisha katika derayeri, ongeza vipingili viwili, kata hapo. Ukikata zaidi, siku utakapoingia pinyo ya 34 utavunja derayeri.

Tatizo kubwa la plato moja ni mnyororo kuruka nje. Juu ya nini? Meno ya plato ya kati yalitengenezwa ili mnyororo uhame kwa urahisi, sasa unahama hata hukuuomba. Plato mpya za kazi hii zina jino nene, jino jembamba, jino nene, jino jembamba, zikifuata vipingili vya mnyororo ambavyo navyo ni chembamba na kipana; ndiyo maana idadi ya meno yake ni shufwa sikuzote. Ukikosa hiyo, usitupe derayeri ya mbele: ondoa kamba, ikaze kwa skrubu zake isimame juu ya plato, iwe kama ukuta wa kuuzuia mnyororo. Haina uzuri, lakini inafanya kazi.

Na mnyororo uliochakaa usiuweke juu ya pinyo mpya, wala pinyo zilizochakaa chini ya mnyororo mpya. Utaruka pale unapokanyaga nguvu, ni kusema katika mlima. Pima vipingili 24: mnyororo mpya unatoa milimeta 304.8. Ukipita 306 na nusu, nunua mwingine.

Zoezi, kwa darasa la tatu na la nne. Mwanafunzi mmoja ana plato ya meno 34 na pinyo kutoka 14 mpaka 28. Fundi anamwambia: kwa pesa zako utabadili kimoja tu, ao plato uweke 28, ao pinyo uweke seti ya 14 mpaka 34. Tafuta mita za vitesi nyepesi na za vitesi ngumu kwa kila njia, kisha umwambie achague nini, naye anabeba makala kila Jumamosi. Andika hesabu yote, si jibu tu. Karatasi ziletwe kwetu, chumba cha mwaka wa sita, kabla ya Ijumaa.