Kuzunguka Meru kwa baiskeli

Swali: Msomaji wa Sakina, Arusha, anataka kuuzunguka Mlima Meru kwa baiskeli. Aanzie wapi, na lini?

Jibu: Asubiri Juni, masika yakishapita, kwani Aprili tope la volkano hunata kwenye magurudumu.

Njia ya kuanzia ni ya mashariki: Tengeru, Usa River, kisha akate kushoto kuelekea Ngurdoto. Jumamosi atakuta gulio la Tengeru limechangamka, na kwa mpanda baiskeli ndizi mbivu inashinda biskuti yoyote.

Magharibi ni kugumu. Kutoka Ngaramtoni hadi Oldonyo Sambu, barabara ya Namanga ina malori, na miiba ya migunga hutoboa matairi. Abebe tyubu mbili za akiba, viraka, pampu na maji ya kutosha.

Katika hifadhi ya taifa iliyo upande wa Ngurdoto kuna nyati. Aulize langoni kwanza.